Kuhamisha trafiki ya poti 80 kwenda 8080 kwenye seva ya Linux

Kwa kawaida, poti (milango yenye namba ambayo programu hupokelea miunganisho ya mtandao) zilizo chini ya 1024 hufunguliwa na msimamizi mkuu wa mfumo pekee. Usiipe programu ya wavuti mamlaka hayo: mwanya mmoja tu, na mvamizi ameshika seva nzima. Iache isikilize 8080, kisha hamisha trafiki ya poti 80, poti ya kawaida ya wavuti, kwa iptables (zana ya Linux ya kuweka kanuni za trafiki):

sudo iptables -t nat -A PREROUTING -p tcp --dport 80 -j REDIRECT --to-ports 8080

Wengi hukwama wanapojaribu `curl http://localhost` kwenye seva yenyewe na muunganisho ukakataliwa. Kanuni haina kosa. Trafiki inayozaliwa ndani ya mashine haipiti PREROUTING (hatua ya pakiti zinazoingia kutoka nje), hupita OUTPUT (hatua ya pakiti zinazoanzia kwenye mashine yenyewe). Ongeza hii:

sudo iptables -t nat -A OUTPUT -o lo -p tcp --dport 80 -j REDIRECT --to-ports 8080

Faiawoli (kichujio cha trafiki) nayo huiona pakiti ikiwa imeshabadilishwa, kwa hiyo ruhusu 8080. Seva ikizimwa na kuwashwa, kanuni hupotea. Kwenye Ubuntu sakinisha iptables-persistent, halafu:

sudo netfilter-persistent save

Seva ikiwa ofisini Nairobi, ijaribu kwa data ya simu, Wi-Fi ikiwa imezimwa, ili ombi litoke nje ya mtandao wa ofisi. Isipofunguka, hakikisha laini yenu ina IP ya umma (anwani inayofikika kutoka intaneti) na ruta inapeleka poti 80 kwenye seva. Kimoja kikikosekana, ombi la nje halifiki kabisa.