Namna ya kumjua mnunuzi wa kweli kwenye maonyesho ya boti za kifahari

Mwongozo huu nimeuandika baada ya kukaa jioni nzima na binti anayeuza boti za faiba upande wa Ggaba, ufukweni mwa Ziwa Victoria hapa Kampala. Alikuwa ametoka kwenye maonyesho ya biashara ya Lugogo, mjini Kampala, na daftari lililojaa majina na namba za simu, lakini alipopiga, karibu wote walimwambia "nitakurudia". Bidii anayo. Yeye alimuuliza kila mgeni jina na namba, basi. Hakumuuliza hata mmoja boti italala wapi.

Hatua ya 1: Jua bei yako mpaka majini

Bei ya kiwandani haimsaidii mtu wa Kampala. Jumlisha usafiri wa meli mpaka Mombasa, lori kupitia mpaka wa Malaba au Busia, ushuru wa forodha, VAT ya asilimia 18, usajili, na gharama ya kuishusha ziwani. Baki na tarakimu moja, uikariri. Mwenye nia ataiuliza mapema.

Hatua ya 2: Achana na mavazi

Kwenye maonyesho ya Monaco, yanayofanyika kila Septemba bandarini Port Hercule, mgeni huvua viatu kabla ya kupanda boti ili sakafu ya mbao isichubuke. Viatu vinabaki kwenye kikapu gatini, vya bei na vya kawaida pamoja. Wauzaji wa kule wanajua kwamba tajiri mara nyingi huja na kaptula na fulana, kwa hiyo wanategemea miadi. Boti kubwa hazipandwi ovyo. Dalali huleta mteja wake, na ameshamhoji kabla hajamleta.

Lugogo hatuna kichujio hicho. Familia inalipa kiingilio, inakuja kutembea, na watoto wanataka kupiga picha kwenye usukani. Wakaribishe. Ila usimpime mtu kwa saa ya mkononi wala gari aliloegesha. Wenye hoteli za visiwani hutuma kwanza kijana wa stoo au dereva aje kutazama, na ukimjibu huyo kwa mkato, bosi wake hutamwona.

Hatua ya 3: Maswali matatu, kwa utaratibu huu

Salimia vizuri kwanza. Mwenye Kiluganda msalimie kwa Kiluganda, na wa Goma, Bukavu, Kisumu au Mwanza utaelewana naye kwa Kiswahili. Usianze na bei wala kumuuliza ana kiasi gani.

Swali la kwanza: boti italala wapi? Mnunuzi wa kweli ana jibu, au anaanza kulitafuta hapo hapo. Atataja Munyonyo, au kiwanja chake cha ufukweni Entebbe, au atauliza kama trela inaweza kuvutwa na gari alilo nalo. Asiye na nia atakwambia "hiyo si shida".

Swali la pili: nani ataiendesha? Kuna anayetaka kushika usukani mwenyewe, kuna anayetaka nahodha. Yote sawa. Ninachosikiliza ni kama amewahi kuliwaza jambo hilo.

Swali la tatu: sasa hivi unavukaje? Mtu wa Kalangala, kule visiwani, atakusimulia meli ya kutoka Nakiwogo, Entebbe, mpaka Lutoboka, saa tatu na zaidi majini, na wageni wake wanaokosa safari kwa kuchelewa. Mwenye tatizo la namna hiyo ana sababu ya kununua, na sababu haimwishi maonyesho yakifungwa.

Baada ya hapo nyamaza, umwache aulize yeye. Nikisikia "kwa mwaka itanila kiasi gani?" naweka nyota kwenye daftari. Wenye boti kubwa huko Ulaya na Marekani hukadiria kama asilimia 10 ya bei kila mwaka kwa matunzo, bima, maegesho na wafanyakazi. Mpe makadirio hayo bila kuyapunguza. Mwambie pia kwamba injini ya petroli ya nguvu za farasi 150, ikifunguliwa yote, hula lita 50 na zaidi kwa saa. Anayesikia hivyo akatoa simu kupiga hesabu, huyo mshike.

Hatua ya 4: Fuata macho yake

Kochi, redio na taa za buluu kila mtu anazitazama. Anayeomba kufunguliwa kifuniko cha injini, akaangalia betri, pampu ya kutoa maji na nyaya zilivyofungwa, ana jambo. Akija mara ya pili na fundi au mke wake, ana jambo kubwa zaidi.

Hatua ya 5: Safari ya majaribio

Hapa ndipo saa zangu nyingi zilipokwenda, na petroli pia, kwa hiyo nivumilie.

Kila anayeona boti anataka kuzunguka nayo. Ukisema ndiyo kwa wote, Jumamosi nzima utakuwa kivuko cha bure. Ukisema hapana kwa wote, hutauza, maana hakuna mwenye akili anayenunua boti bila kuihisi majini.

Kwenye soko la boti kubwa walishaliamua jambo hili zamani: mnunuzi anatia sahihi makubaliano, anaweka arubuni ya asilimia 10 mikononi mwa mtu wa tatu, ndipo inakuja safari ya majaribio na ukaguzi wa fundi huru. Kasoro ikionekana na wasipoelewana, arubuni inarudi. Kwa boti zetu ndogo, mteja wa Kampala hatakubali asilimia 10 kabla hajapanda, na mimi simlaumu. Ninachofanya ni kumwomba alipie petroli ya safari na kutia sahihi karatasi ya ukurasa mmoja inayosema pesa hiyo itakatwa kwenye bei akinunua. Kiasi si kikubwa, lakini huchuja kuliko swali lolote. Mwenye nia hulipa bila maneno mengi. Mwingine hukumbuka ghafla kwamba ana mkutano.

Sasa tahadhari, na usiruke hata moja.

Mwenye uamuzi lazima awemo. Akija mdogo wake au rafiki peke yao, waoneshe boti gatini, safari ingoje. Mzee anayelipa asipopanda, mtarudia yote siku nyingine.

Hesabu watu kabla ya kufungua kamba. Kila mmoja avae jaketi la kujiokoa, lifungwe, hata kama anaogelea, hata kama ni mheshimiwa. Novemba 2018 boti ya starehe ilizama karibu na Mutima, wilayani Mukono, ikiwa imejaza watu kupita kiasi, na zaidi ya 30 walikufa. Mteja akikataa jaketi, safari haipo, na nimemfuta kwenye orodha, kwa sababu sitaki boti yangu mikononi mwake. Pombe nayo ibaki nchi kavu mpaka mrudi.

Toka asubuhi. Mchana upepo wa ziwani ukishika, mtu asiyezoea ataogopa mawimbi na utauza hofu. Ila kama ni mwenye biashara ya kuvusha wageni, mwambie wazi kwamba mchana ni tofauti, na umkaribishe aje mchana pia. Anayekubali kurudi wakati wa mawimbi ni mnunuzi.

Beba uzito halisi. Boti yenye watu wawili hukimbia vizuri kwa kila mtu. Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na injini isiyo na turbo hupoteza kama sehemu moja ya kumi ya nguvu iliyoandikwa kwenye kifuniko chake. Ziwa Kivu, mita 1,460, hupoteza zaidi. Kwa hiyo boti iliyopaa majini Dubai na watu wanane inaweza kukokota mkia hapa, na dawa mara nyingi ni kubadili rafadha (propela), kuchukua yenye hatua fupi, yaani inayosogeza boti umbali mdogo kwa kila mzunguko. Mteja wa Goma aliyeniuliza habari ya rafadha kabla hata hatujatoka gatini, sikuhitaji kumchunguza zaidi.

Pita kando ya magugu maji, usipite ndani yake. Ghuba ya Murchison huyapata sana, na yakiziba njia ya maji ya kupooza, injini inapiga kengele ya joto mbele ya mteja.

Mpe usukani mkiwa mbali na mitumbwi ya wavuvi. Asiye na nia atafungua moto mpaka mwisho na kuomba apigwe video. Mnunuzi atapunguza mwendo, atageuza, atauliza namna ya kurudi nyuma gatini, kisha atakuomba uzime injini asikie maji yanavyopiga bodi. Wakati huo usizungumze. Wauzaji wengi huharibu hapo kwa kuendelea kusifu.

Hatua ya 6: Pesa

Uliza itapitia benki gani. Uganda ina Sheria ya Kuzuia Utakatishaji Fedha tangu 2013, na benki itataka kujua chanzo. Mnunuzi wa kweli hakasiriki kwa swali hilo. Wa noti ndani ya begi mpeleke benki aziweke mwenyewe.

Hatua ya 7: Daftari na simu

Tumia daftari la karatasi, ukurasa mmoja kwa mtu mmoja. Fomu za simu zinakusanya namba tu, haziandiki kwamba mzee aligusa nyaya za betri. Andika majibu ya yale maswali matatu kwa maneno yake mwenyewe.

Piga siku ya pili baada ya maonyesho kufungwa, usitume ujumbe. Anza na jambo lake: "Hajji, nimeulizia ile sehemu ya kuegesha Entebbe." Waliojibu maswali mawili kati ya matatu wapigie tena mwisho wa mwezi. Waliobaki watumie salamu za sikukuu na tarehe ya maonyesho yajayo.