Kumtunza Kuku wa Mayai Aliyenusurika Kisu

Kuku wa mayai wa kisasa huanza kutaga akiwa na umri wa wiki 18 hadi 20, na mfugaji wa biashara humuondoa bandani afikapo wiki 72 hadi 80 hivi, wakati ambapo bado anataga lakini mayai yake hayalipi tena gharama ya chakula. Wengi huishia kwa wachinjaji wa sokoni. Anayewachukua wachache ili waishi uani kwake ajue kwamba amepokea ndege waliochoka: upanga wa kichwani umepauka na kulala upande, manyoya ya shingo yamekatika kwa kusuguana na waya wa kizimba, kucha zimerefuka, na mara nyingi ncha ya mdomo imekatwa. Hali hiyo peke yake haihitaji dawa. Inahitaji chakula, jua na muda, na wanaokimbilia kumpa vidonge vya rangi mbili vya binadamu siku ya kwanza humchosha zaidi.

Hata hivyo, wageni hao wasichanganywe mara moja na kuku wenyeji. Watengwe kwa wiki 3 hadi 4, mbali kadiri nafasi inavyoruhusu, wakiwa na vyombo vyao wenyewe, na mhudumu aanze kila siku na wenyeji ndipo amalizie kwa wageni, kwani viatu na mikono hubeba vimelea kwa urahisi. Muulize muuzaji tarehe ya chanjo ya mwisho ya mdondo, ugonjwa wa kuku ambao wengine huuita kideri. Akibabaika, hesabu kwamba hawakuchanjwa. Chanjo ya I-2, inayovumilia joto kuliko nyingi nyingine, hutolewa tone moja katika jicho moja na kurudiwa kila baada ya miezi 3 au 4. Wachanjwe wangali wazima, kwa sababu mdondo ukishaingia hauna tiba, na mshubiri au pilipili katika maji haviwezi kuuzuia.

Chakula kiendelee kuwa kile cha kuku wa mayai, gramu 120 hivi kwa kuku kila siku. Ganda la yai moja hubeba takriban gramu 2 za madini ya kalsiamu, na zisipopatikana katika chakula mwili huzichukua mifupani, ndiyo maana kuku hawa huvunjika miguu na kidari kwa kuanguka kidogo tu. Weka chokaa ya kuku au makombe yaliyopondwa katika chombo cha pembeni ili kila mmoja ale anavyohitaji. Mwenye mdomo uliokatwa huokota kwa shida punje zilizotapanywa chini; mpe unga katika chombo chenye kina. Fito za kulalia ziwe chini, sentimita 30 kutoka ardhini, na jioni za mwanzo itakubidi uwabebe mwenyewe hadi bandani, kwa kuwa waliokulia kizimbani hawajui kupanda wala kurudi ndani giza likiingia.

Kuku huficha ugonjwa hadi nguvu zimwishie, kwa hiyo macho ya mfugaji yana kazi kubwa kuliko kabati la dawa. Unapofungua mlango asubuhi, tazama nani anatoka mwisho na nani hasogelei chakula. Tazama kinyesi: cha kawaida ni kigumu kiasi chenye kofia nyeupe, na kile laini cha rangi ya kahawia chenye harufu kali, kinachotoka mara chache kwa siku, nacho ni cha kawaida ingawa huwatia watu wengi hofu. Damu huashiria koksidiosi, ugonjwa wa utumbo unaoletwa na vimelea. Ukijani unaweza kumaanisha kwamba hajala, lakini ukiambatana na kuhema kwa shida au shingo kupinda, shuku mdondo.

Usiku ingia na tochi, kwa sababu utitiri mwekundu hujificha mchana katika nyufa za mbao na kutoka gizani kunyonya damu. Pitisha kitambaa cheupe chini ya ufito. Kikiwa na madoadoa mekundu, ng'oa fito, zisugue, kisha paka chokaa katika kila ufa. Kutibu kuku na kuliacha banda ni kazi bure. Viroboto waliojikita kuzunguka macho na upanga hupakwa mafuta ya mgando kwa ncha ya kidole, bila kugusa jicho; hukosa hewa na kufa, na wasing'olewe kwa nguvu kwani ngozi huchanika.

Anayesimama wima kama chupa, mkia chini, akijikamua bila kutoa kitu, huenda amekwamwa na yai. Mkalishe katika beseni la maji ya uvuguvugu kwa dakika 15 hadi 20, mkaushe, mweke mahali penye joto na utulivu, na asipotaga siku hiyo umwite mtaalamu wa mifugo. Usilivunje yai likiwa ndani. Tumbo likiwa limejaa na kulegea kana kwamba lina maji, yaelekea kiini kimemwagikia ndani na kuleta uvimbe, jambo la kawaida kwa kuku waliotaga mfululizo. Dawa huchelewesha tu, na nionavyo mimi kumwondolea mateso mapema ni huruma kuliko sindano za wiki nzima.

Waliopona wachanganywe na wenyeji wawili wawili au zaidi, baada ya siku kadhaa za kuonana kupitia wavu, huku vyombo vya chakula vikiongezwa ili mnyonge asizuiwe. Kudonoana kutakuwepo, ingilia pale tu damu inapotoka, umtenge aliyejeruhiwa hadi kidonda kikauke. Mayai ya kuku aliye kwenye dawa yasiliwe wala kuuzwa hadi siku zilizoandikwa kwenye kibandiko zipite, na anayekufa kwa ugonjwa azikwe kwa kina au achomwe, asitupwe jalalani mbwa wakamburuta hadi kwa jirani.