Kivinjari Kinapokataa Kuhifadhi Faili kwenye Linux

Katika steshenari za Dar es Salaam, mteja huja na flashi mkononi akitaka fomu yake ipakuliwe na kuchapishwa papo hapo. Kivinjari kikigoma kuhifadhi faili, wengi hukimbilia kukifuta na kukipakua upya. Hatua hiyo hula bando na aghalabu haileti nafuu, kwa kuwa kwenye Linux, mfumo wa kuendesha kompyuta, anayezuia faili lisiandikwe huwa ni ruhusa za folda, hali ya diski, au uzio ambao programu imewekwa ndani yake.

Kwa hiyo anza kwa kukiweka kivinjari kando. Fungua terminali (dirisha la kuandikia amri), andika `touch ~/Downloads/jaribio.txt`, kisha ubonyeze Enter. Terminali ikinyamaza, folda ni nzima na yaelekea tatizo liko upande wa kivinjari. Ikilalamika, soma lalamiko lenyewe, kwa maana limekwisha kukutajia ugonjwa.

Ukiona «Permission denied», andika `ls -ld ~/Downloads` uone mmiliki wa folda. Ikiwa limeandikwa jina la root, yaani mtumiaji mkuu wa mfumo, badala ya lako, yaelekea mtu alihamisha mafaili kutoka kompyuta ya zamani kwa kutumia sudo, amri ya kutenda kwa mamlaka ya root, na kila kilichohamishwa kikabaki mali ya mtumiaji huyo mkuu. Amri ya `sudo chown -R $USER: ~/Downloads` hukurudishia umiliki. Usikubali ushauri wa kuweka `chmod 777`, hasa kwenye mashine inayotumiwa na watu wengi, kwa sababu huruhusu kila mtumiaji wa mashine hiyo kubadilisha na kufuta vilivyomo.

Lalamiko la «No space left on device» kwa kawaida lina maana kwamba diski imejaa. Amri ya `df -h` itakuonyesha ni sehemu ipi. Nafasi ikionekana ipo na bado unakataliwa, jaribu `df -i`, kwani wingi wa mafaili madogo unaweza kumaliza idadi ya mafaili ambayo diski inaweza kusajili.

«Read-only file system» ndilo lalamiko linalohitaji subira zaidi. Kompyuta nyingi zilizotumika zinazouzwa Kariakoo huja na Windows, na mwenye nayo huweka Linux pembeni yake, kisha akahifadhi mafaili yake kwenye sehemu ya diski yenye muundo wa NTFS, ambayo Windows na Linux zote huitumia. Windows ikizimwa huku kipengele chake cha kuwaka haraka kikiwa kimewashwa, haiifungi diski kikamilifu, na Linux hukataa kuandika humo ili isiharibu data. Dawa ni kuingia Windows, kukizima kipengele hicho, na kuzima mashine kwa utaratibu. Flashi nayo hufikia hali hiyohiyo ikichomolewa bila kuondolewa kwanza, au umeme ukikatika inapoandikwa. Nakili vilivyomo, iondoe kwenye mfumo bila kuichomoa, kisha uikague kwa `sudo fsck.vfat -a /dev/sdb1`, baada ya kuhakikisha kwa `lsblk` kwamba sdb1 ndiyo flashi yenyewe.

Sasa turudi pale ambapo jaribio la touch limefaulu lakini kivinjari bado kinakataa. Tangu toleo la 22.04 la Ubuntu, mojawapo ya aina za Linux, Firefox huja kama kifurushi cha snap, yaani programu iliyowekwa ndani ya uzio, ambacho hakiruhusiwi kugusa folda zilizofichwa ndani ya nyumba yako (folda yako kuu, home), yaani zile ambazo majina yake huanza na nukta, wala kuandika popote kipendapo nje ya nyumba hiyo. Andika `snap connections firefox`. Ukikuta mbele ya removable-media kuna kistari tu, kivinjari hakina ruhusa ya kuandika kwenye flashi, nawe utakipa kwa `sudo snap connect firefox:removable-media`. Waliokiweka kwa Flatpak, aina nyingine ya vifurushi vyenye uzio, hurekebisha ruhusa hizo kwa programu ya Flatseal.

Dirisha la kuchagua mahali pa kuhifadhi lisipotokea kabisa, anzisha upya huduma inayolileta kwa `systemctl --user restart xdg-desktop-portal`.

Lipo pia kosa linalofanana na hitilafu ilhali si hitilafu: flashi yenye muundo wa FAT32 haipokei faili moja linalofikia GB 4, hata ikiwa tupu, wala haikubali jina lenye nukta pacha au alama ya kuuliza. Jina libadilishe hapohapo; kwa faili kubwa, ifomati flashi upya kwa muundo wa exFAT baada ya mwenyewe kuridhia kwamba vilivyomo vitafutika.