Nguo za kushindia bei nafuu, vile mi huchagua hapa Lamu

Nguo za kushindia ndo tunazovaa sana kuliko zote alafu ndo tunazozijali kidogo kuliko zote. Ile ya harusi utaivaa mara mbili tatu kwa mwaka na umeitolea maelfu, lakini ya kwenda sokoni, ya kukaa barazani, ya kupanda boti kwenda Mokowe, hiyo unaokota tu chochote kilicho karibu. Na sio kwamba inataka pesa nyingi, jamani, tisheti ya shilingi mia ya mtumba inaweza kukuvusha mwaka mzima na bado ukaipenda, mradi umejua kuichagua.

Anza na kitambaa, bei iwe baadaye. Hapa kwetu mwendo ni wa miguu, huna gari la kukaa ndani upigwe na ac, ukitoka Langoni mpaka Mkomani saa saba mchana wakati wa kaskazi jasho limeshakutoka kitambo. Pamba inanyonya lile jasho na kupitisha hewa. Polista inakugandia mgongoni, alafu harufu ya kwapa inashikana nayo, unafua, unaanika, ukiivaa nusu saa harufu imerudi. Mi heri pamba iliyochakaa kidogo kuliko polista mpya yenye lebo. Kama lebo imekatwa chomoa uzi mmoja ndani ya pindo ukifika nyumbani uuchome: pamba inaungua kama karatasi na kuacha jivu laini, polista inayeyuka inakuwa kidonge kigumu chenye harufu ya plastiki. Ukishafanya hivyo mara tano sita vidole vyenyewe vitakuwa vinajua.

Sasa kwenye mtumba. Belo nyingi, yale marobota ya nguo, huwa za kilo 45, na likifunguliwa zile safi zinazotoka kwanza ndo kamera, za mwisho kabisa zinazobaki chini ndo fagia. Ukitaka shati la kutokea wahi siku ya kufungua. Lakini kwa nguo ya kushindia fagia usiidharau hata kidogo, mi nimepata humo tisheti za pamba nzito kabisa, tatizo lake ni doa dogo la wino tu. Ishike uinyanyue juu uitazame dhidi ya mwanga, hapo utaona vitundu na sehemu zilizokonda, alafu geuza ndani uangalie kwapa, kola, na mshono wa kati kama ni suruali, maana nguo huanza kufia hapo. Kifungo kimekosekana si neno. Zipu iliyoshika kutu iwache, hewa ya bahari itaimaliza. Na ujue mzigo ukifika kisiwani umeshalipiwa boti na watu wa kubeba, kwahivyo ukiwa na safari ya Malindi, au Kongowea kule Mombasa, weka mia tano pembeni ununue huko.

Jinzi mi siwashauri. Ikirowa kwenye boti inakaa na maji siku nzima. Mwanamume wa hapa kikoi na tisheti vinamtosha, na kikoi ukanunue kwenye duka wanaponunua wavuvi, ndani ndani huko Usita wa Mui, ule mtaa mkuu wa maduka, sio pale mbele wanapongojewa wageni.

Kwa sisi wanawake ni dera na leso, na hapa nataka niseme zaidi. Wengi wetu tukitoka tunavaa buibui, na buibui nyingi ni polista nyeusi, kwahivyo cha ndani ndo kinachoamua kama utafika umepoa au umechemka. Ndani weka pamba nyepesi, hata kama imepauka, nani anaiona? Madera mengi yanayouzwa ni viskosi, ni laini na inateleza vizuri mwilini lakini ikiwa na maji inakuwa dhaifu, ukiikamua kwa nguvu inachanika au inapinda umbo, wewe ibinye tu uitundike. Leso nunua doti nzima, ukate mwenyewe upinde, na kabla hujalipa lowesha ncha ya kitambaa cheupe uisugue kwenye pindo lake uone kama rangi inatoka.

Hilo la rangi nimelijua kwa uchungu. Niliifua leso mpya nyekundu kwenye beseni moja na kanzu ya kakangu, alhamisi jioni, nikaenda kuangalia mchele jikoni, kurudi kanzu imekuwa waridi mpaka kwenye kola. Ijumaa alienda msikitini na kanzu ya kuazima na mi sikuweza kumtazama. Tangu siku hiyo leso mpya naifua peke yake mara tatu, maji yakitoka meupe ndo inaruhusiwa kuchanganyika.

Kufua kwenyewe kuna mambo yake. Maji ya visima vingi hapa yana munyu, sabuni haitoi povu na nguo inakauka ikiwa ngumu kama mkeka, kwahivyo fulia hayo ukitaka lakini suuza ya mwisho iwe ya maji matamu. Anika ukiwa umegeuza ndani nje, juu ya nyumba kwenye upepo, jua la saa sita likipiga rangi moja kwa moja mwezi mmoja nguo imekuwa ya zamani. Na wakati wa mvua za kusi usikunje kitu chenye unyevu hata kidogo ukakitia kabatini, kitapiga kawa, ule ukungu wa nguo, na yale madoa meusi yake yakishaingia kwenye pamba ni taabu kuyatoa.

Ikichanika mpelekee fundi cherehani mapema, kabla tundu halijawa dirisha. Ikishindikana kabisa ina kazi nyingine: tisheti inakuwa ya kulalia, dera linakuwa foronya mbili, leso laini ndo mbeleko bora hakuna mpya inayoifikia. Ile yangu nyekundu sahivi iko jikoni, naipulia sufuria, na jina lake, yale maneno yaliyoandikwa kwenye leso, bado linasomeka.