Umepata kazi ya teknolojia Dar? Usikimbilie kulipa kodi ya nyumba

Hongera. Sasa tulia kidogo kabla hujaanza kuuza kitanda na kuaga watu.

Mkataba uwe mkononi, umesainiwa pande zote mbili. "Karibu kwenye timu" ya WhatsApp si mkataba. Uliza kipindi cha majaribio ni miezi mingapi na mshahara unaingia tarehe ngapi. Usipange matumizi kwa namba uliyoiona kwenye barua: kuna kodi ya mapato, kuna NSSF ambako kwa kawaida unakatwa asilimia 10, na kama ulisoma kwa mkopo, HESLB wanachukua asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Namba ya NIDA na TIN ziwe tayari. Vyeti halisi beba mwenyewe.

Halafu nyumba. Hapa ndipo watu wanaumia.

Wenye nyumba wengi wa Dar wanataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, wengine mwaka, na dalali naye anataka ya mwezi mmoja juu yake. Ikishatoka imetoka. Kuna kijana alitoka Mwanza kuja kuandika programu kwenye ofisi moja ya Mikocheni. Alitaka afike akute kila kitu kiko sawa, akatafutiwa nyumba kwa simu. Dalali akamwambia ni Mbezi, kumetulia, maji yapo, na picha akamtumia. Kijana akafungua ramani, akaona Mbezi Beach, pua na mdomo na Mikocheni, akatuma hela ya miezi sita. Basi lilipomshusha stendi ya Magufuli, dalali akampokea kwa furaha: "Umeshafika, hapo tu bodaboda." Kumbe ni Mbezi ya Barabara ya Morogoro, tena ndani huko Makabe. Na dalali hakusema uongo hata kidogo!

Kazini kikao cha asubuhi kilikuwa saa tatu. Akawa anaamka saa kumi alfajiri kugombania daladala, jioni anarudi watu wamelala. Luku nayo ilikuwa ya kuchangia na wapangaji wenzake. Usiku wa zamu yake ya kuangalia seva umeme ukaisha, akawa anagonga mlango mmoja baada ya mwingine kuchangisha. Alipomwomba mwenye nyumba amrudishie angalau ya miezi mitatu, mzee wa watu alicheka tu. Mwisho akapanga chumba Mwananyamala, akawa analipia kuwili.

Kwa hiyo fikia kwa ndugu, au gesti, hata kama shangazi ana maneno. Ukishaijua ofisi ilipo, nenda kwenye nyumba unayoitamani Jumatatu alfajiri, upande usafiri uleule utakaoupanda kila siku, uone unafika saa ngapi. Kigamboni kodi zinavutia, lakini kuna pantoni na kuna tozo ya daraja. Kimara kuna mwendokasi, ila masika Jangwani ikifurika njia ya kwenda mjini inafungwa. Uliza kama luku ni yako peke yako. Fungua bomba kwa mkono wako, usionyeshwe simtanki kwa mbali. Na dalali akikuambia lipia leo, kuna mteja mwingine anakuja jioni, mwache huyo mteja aje.

Laini za simu ziwe za mitandao miwili tofauti, na pawabanki iwe imejaa muda wote. Akiba ya kula ifike mwezi wa pili, maana mshahara wa kwanza huchelewa. Begi la laptopu livae kifuani ukiwa kwenye daladala, simu usiichezee dirishani, hasa gari likikwama kwenye foleni. Usiku usipande bodaboda usiyemjua. Na hao wanaokupigia kusema wametuma hela kimakosa, angalia salio kwanza.