Somo: Kito cha ardhini au cha maabara? Namna ya kukagua kabla ya kutoa pesa

Habari za leo wanachama. Parachichi zikishauzwa Rungwe na Njombe, na mahindi yakishatoka Mbozi, pesa inakuwepo mifukoni na mawe nayo yanaanza kutembezwa. Mtu anakufuata dukani Mwanjelwa au gereji pale Mafinga, anafungua kikaratasi, ndani kuna jiwe jekundu safi lisilo na doa. Anakuambia limetoka Mahenge au Tunduru, na mwenye nalo anabanwa na ada ya mtoto. Nimeona watu wazima, wenye akili zao, wakitoa akiba ya msimu mzima kwa jiwe lililotengenezwa kiwandani kwa saa chache. Jambo hili linaniuma, ndiyo maana leo nimekaa niandike kwa kirefu.

Tuanze pale wengi wanapopotea. Kuna jiwe la kuiga, yaani chupa, plastiki au jiwe la bei rahisi lililovishwa sura ya kito. Halafu kuna sintetiki, jiwe lililokuzwa maabara, na hili kwa kemia yake ni kito kilekile. Rubi ya maabara ni oksidi ya alumini yenye kromiamu kidogo, sawa kabisa na rubi iliyochimbwa Winza kule Mpwapwa. Ugumu uleule, uzito uleule, ubaridi uleule mdomoni. Kwa hiyo anayekuonyesha kwamba jiwe lake linakwaruza kioo hajakuthibitishia chochote kuhusu lilikotoka.

Na msidhani ni mambo ya juzi. Mfaransa Auguste Verneuil alitangaza njia yake ya kutengeneza rubi kwa kuyeyusha unga wa oksidi hiyo ya alumini kwenye mwali wa oksijeni na hidrojeni mwaka 1902. Hivyo pete ya urithi kutoka kwa bibi inaweza kuwa na rubi ya kiwandani, na bibi hakumdanganya mtu.

Hatua ya 1: Uliza swali linalobana

Usiulize "hili ni orijino?" Kila muuzaji atasema ndiyo, na wa sintetiki atajitetea kesho kwamba rubi ni rubi. Uliza hivi: "Limechimbwa ardhini au limekuzwa maabara? Limetiwa moto? Limejazwa kitu kwenye nyufa? Utaniandikia kwenye risiti?" Hilo la mwisho ndilo linalochuja watu. Anayekwepa kuandika, agana naye vizuri uondoke.

Muulize pia leseni. Chini ya Sheria ya Madini ya 2010, kununua na kuuza madini kunataka leseni ya dila au broka, na tangu 2019 serikali imefungua masoko ya madini ili biashara hii ifanyike mahali panapojulikana. Jiwe la kwenye kikaratasi mtaani linaweza kukuingiza matatani hata kama ni la ardhini kweli.

Hatua ya 2: Lipime kwenye maji

Hapa unaondoa chupa na mawe ya kuiga. Tafuta mizani ndogo ya gramu inayosoma hadi 0.01. Pima jiwe likiwa kavu, andika. Kisha weka kikombe cha maji juu ya mizani, irudishe sifuri. Funga jiwe kwa uzi mwembamba, lishushe lizame lote bila kugusa chini wala ukuta wa kikombe. Namba utakayoiona ni uzito wa maji yaliyosukumwa na jiwe. Gawanya uzito mkavu kwa namba hiyo.

Jiwe likiwa na gramu 2.40 kavu na mizani ikasoma 0.60, jibu ni 4.00: hiyo ni namba ya rubi na safaya. Spineli huja karibu na 3.60, almasi 3.52, tanzanaiti 3.35, zumaridi 2.7 na kidogo, amethisti 2.65. Ile zirkonia inayouzwa kama almasi ni nzito mno, inapita 5.5. Chupa haina namba moja, inategemea walichochanganya, lakini ni nadra kuangukia mahali pake sawasawa. Tia tone la sabuni kwenye maji ili viputo vya hewa visigande kwenye jiwe na kuharibu hesabu. Jiwe lililo chini ya gramu moja, yaani karati 5, usiliamini sana kwa njia hii. Kosa la 0.01 tu linabadilisha jibu.

Faida kubwa ya kipimo hiki iko kwenye aleksandraiti, kito kinachogeuka rangi kulingana na mwanga. Tunduru inatoa aleksandraiti halali, na jina hilo limewavuta matapeli. Wengi wanaouziwa "aleksi" wanapewa safaya ya maabara iliyotiwa vanadiamu, inayogeuka kutoka bluu ya kijivu kwenda zambarau. Ya kweli hutoka kijani mchana ikaenda wekundu chini ya balbu ya zamani ya njano au mshumaa, na kwenye maji husoma 3.73 wala si 4.00.

Hatua ya 3: Ingia ndani ya jiwe kwa lupu

Hapa ndipo sintetiki hukamatwa, kwa hiyo hapa usiwe na haraka. Nunua lupu, yaani kioo kidogo cha kukuzia, ya mara 10. Isogeze hadi karibu kugusa jicho, kisha leta jiwe kwenye lupu, siyo lupu kwenye jiwe. Fungua macho yote mawili. Mwanga utoke pembeni au nyuma ya jiwe. Asubuhi ya mawingu ya Mbeya inafaa kuliko jua kali, maana jua linawaka kwenye pande zilizokatwa na kukuficha ya ndani.

Jiwe la ardhini limekua taratibu mno, katikati ya madini mengine. Ndani yake utakuta vipande vya fuwele nyingine, mapazia ya vitone vidogo pale ufa ulipojiponya, na kwenye rubi na safaya nyuzi nyembamba sana zinazokutana kwa pembe za digrii 60, ambazo wafanyabiashara huziita hariri. Rangi yake ikiwa imejipanga kwa mistari, mistari hiyo imenyooka na hukata kona.

Rubi ya Verneuil haikui hivyo. Unga unadondoka kwenye kilele kilichoyeyuka, tabaka juu ya tabaka, na kila tabaka lina mzingo. Kwa hiyo mistari yake imepinda, inafuatana kama matuta ya shamba la mteremko kule Tukuyu. Kuiona, zamisha jiwe kwenye kikombe cha kioo chenye maji au mafuta ya mtoto, weka karatasi nyeupe chini, mulika kutoka chini, kisha lizungushe polepole sana. Mistari haionekani kwa kila upande; itajitokeza ghafla, halafu ukigeuza kidogo inapotea. Ukiona mzingo hata mara moja, jiwe hilo halijawahi kuona udongo. Viputo vya mviringo vya hewa navyo ni dalili mbaya, kwenye sintetiki na kwenye chupa vilevile.

Tahadhari: safaya ya njano au isiyo na rangi huficha mistari hii, na sintetiki zilizokuzwa kwa njia nyingine, ndani ya myeyuko wa chumvi au maji yenye joto na shinikizo kubwa, hazina mzingo kabisa. Usipoona kitu, usiseme "ni la ardhini". Sema "sijaona". Jiwe kubwa, safi kabisa, rangi kali, bei ya kutupa: hilo kwangu lina shaka kuliko lenye madoa.

Hatua ya 4: Tazama kingo za nyuma

Angalia kupitia uso wa juu wa jiwe hadi kwenye kingo za mkato wa nyuma. Je, kila ukingo unaonekana mmoja, au mbilimbili? Hii inawasaidia hasa wanunuzi wa tanzanaiti. Tanzanaiti ya maabara haijaingia sokoni, ila kuna forsteraiti ya maabara inayofanana nayo mno kwa rangi. Forsteraiti huonyesha kingo mbilimbili waziwazi kwa lupu. Tanzanaiti haifanyi hivyo. Mosanaiti nayo, inayouzwa kama almasi, huonyesha kingo mbili ukiitazama kwa mshazari.

Hatua ya 5: Taa ya UV

Tochi ya kukagulia noti inatosha. Rubi nyingi za maabara huwaka wekundu mkali gizani, kwa sababu hazina chuma. Ila spineli nyekundu ya Mahenge nayo huwaka, na ni ya ardhini. Ichukulie kama fununu tu.

Hatua ya 6: Pesa ikiwa nyingi, maabara iamue

Arusha kuna Kituo cha Jemolojia Tanzania. Kwa jiwe la mamilioni, muafikiane na muuzaji kwamba malipo yatakamilika baada ya majibu. Ukipewa cheti tayari, linganisha uzito na vipimo vya milimita vilivyoandikwa na jiwe lililo mkononi. Cheti halali kinaweza kuwa cha jiwe jingine.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali, Mwanjelwa: Shikamoo mwalimu. Sonara mmoja aliichoma tanzanaiti ya mke wangu kwa kiberiti cha gesi, akasema isipopasuka ni halali. Ni kweli?

Jibu: Marahaba. Si kweli, na usimruhusu tena. Tanzanaiti ya kweli ndiyo inayoweza kupasuka kwa joto la ghafla. Vilevile usikubali tupa, msumari, siki wala kulipigapiga. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachotenganisha ardhi na maabara.

Swali, Tunduma: Huku zumaridi zinavuka kutoka Zambia. Nikiona nyufa nyingi ndani nijue ni ya kweli?

Jibu: Nyufa peke yake hazitoshi, chupa nayo hupasuka. Zumaridi za Zambia zina chuma kingi, na mara nyingi utakuta vipande vyeusi au vya kahawia vya ulanga (mika) ndani. Hivyo ni vitu vya kutafuta. Chini ya taa ya UV huwa zinakaa kimya, wakati baadhi ya zumaridi za maabara huwaka wekundu. Za maabara pia zinaweza kuwa na mapazia yanayofanana sana na ya asili, kwa hiyo zumaridi safi ya bei kubwa ipeleke ikapimwe, usinitegemee mimi wala lupu yako. Na jiwe lililovuka mpaka, dai karatasi zake.

Swali, Iringa: Kamwene. Nina kile kipimo cha almasi cha kalamu, kinalia. Nimemaliza kazi?

Jibu: Kamwene. Bado kabisa. Kalamu hiyo hupima jinsi joto linavyopita. Zirkonia itaikamata, lakini kalamu nyingi hupitisha mosanaiti, na almasi ya maabara itapita siku zote kwa sababu nayo ni almasi. General Electric walitangaza almasi za maabara mwaka 1955, na leo zinakuzwa hata kwa gesi ya kaboni. Hakuna jicho wala lupu ya kuitenganisha na iliyochimbwa Mwadui. Ni mashine za maabara tu zinazoweza. Anza kwa kutazama ukingo wa katikati ya jiwe kwa lupu, mara nyingine kuna maandishi madogo ya leza yenye namba ya cheti, hata neno la kuonyesha kwamba limekuzwa maabara. Bila cheti, lipa bei ya almasi ya maabara.

Swali, Songea: Sisi tunanunua mawe ghafi, hayajakatwa. Yana udongo kabisa wa mtoni. Huko nako sintetiki zinafika?

Jibu: Zinafika, na huko ndiko zinakoumiza zaidi. Wanavunja sintetiki vipande, wanavizungusha kwenye pipa na mchanga hadi kona zinaisha, kisha wanavipaka udongo. Wanavichanganya kwenye fungu la mawe halali ya Tunduru, vichache tu, vile vikubwa vyenye rangi nzuri. Kwa hiyo usikague fungu, kagua jiwe mojamoja, na uanze na lile lililokuvutia. Lioshe kwa brashi na sabuni. Udongo wa kubandikwa hutoka wote mara moja. Kwenye jiwe la mtoni uchafu umejikita kwenye vishimo vya asili. Tazama umbo: safaya iliyosafiri na maji mara nyingi bado ina mabaki ya nyuso bapa za fuwele au mistari ya ukuaji juu yake. Kisha lizamishe kwenye mafuta ya mtoto uangalie ndani, maana ngozi iliyokwaruzika inazuia kuona. Jambo jingine: rubi ya maabara huchemshwa na kutumbukizwa kwenye maji baridi ili ipate nyufa za ndani zinazodanganya kama mapazia ya asili. Ukiona nyufa, endelea kutafuta mzingo nyuma yake.

Swali, Makambako: Rubi iliyotiwa moto ni sintetiki?

Jibu: Hapana, mama. Imechimbwa ardhini, moto umeboresha rangi tu, na muuzaji anatakiwa akwambie. Inayotisha ni ile iliyojazwa kioo chenye madini ya risasi kwenye nyufa. Ukiitikisa chini ya mwanga utaona mmweko wa bluu ndani ya nyufa, na viputo bapa. Fundi akiichomea pete au akiiloweka kwenye asidi, kioo kinaharibika na jiwe linabaki limechanika.

Swali, Tukuyu: Ndaga fijo kwa somo. Amethisti je?

Jibu: Ya maabara ni ngumu kuitambua hata kwa wataalamu, na ya ardhini nayo ni ya bei nafuu. Nunua unayoipenda kwa bei ndogo.

Swali, Uyole: Jiwe likiwa tayari kwenye pete, nalipimaje kwenye maji?

Jibu: Huwezi, dhahabu itavuruga hesabu. Ruka hatua ya 2, osha pete kwa maji ya uvuguvugu na mswaki laini, hasa kwa nyuma, ndipo uingie na lupu. Kama nyuma ya jiwe pamefunikwa kabisa na bati huoni kitu, mwombe sonara alitoe kabla hujalipa. Akikataa, iache.