Jinsi ya kufuatilia hatua za ukuaji wa mtoto nyumbani

Mimi muuguzi namwona mtoto wako dakika chache tu siku ya kliniki, tena mara nyingi analia. Wewe unamwona akila, akicheza, akiitwa. Kwa hiyo mengi ya ukuaji wake utayajua wewe kabla yangu, ukiwa na utaratibu. Huu ndio ninaowafundisha akina mama wa hapa Pemba.

Hatua ya 1: Upate umri wake sawasawa

Wengi wetu tunakumbuka mtoto kazaliwa mfunguo sita, wiki ya maulidi. Mwaka wa mwandamo ni mfupi kwa siku kama 11, na mtoto akifika miaka miwili hesabu imeshasogea wiki tatu. Tumia tarehe iliyomo kwenye kadi. Aliyezaliwa kabla ya wakati, mpunguzie: kama alitangulia miezi miwili, akiwa na miezi 6 mtazame kama wa miezi 4. Endelea hivyo mpaka atimize miaka 2.

Hatua ya 2: Daftari

Daftari dogo la skuli latosha, likae pamoja na kadi. Andika tarehe, ulichokiona, na nani kakiona. "Anaendelea vizuri" haitusaidii. "Kashika kijiko mwenyewe, kakipeleka mdomoni" inatusaidia sana. Msimu wa karafuu mama anashinda shambani na mtoto yuko kwa bibi yake. Basi jioni muulize bibi, yeye ndiye aliyeshinda naye. Andika kila mwezi, na usikose siku za chanjo za miezi 9 na miezi 18.

Hatua ya 3: Viungo

Shirika la Afya Duniani lilitoa vipimo mwaka 2006 kutokana na watoto wa Ghana, India, Norway, Oman na Marekani. Watoto wenye afya walianza kukaa bila kushikiliwa kati ya karibu miezi 4 na 9, na kutembea peke yao kati ya miezi 8 na 17 na nusu. Ona upana huo! Wa jirani akitembea na miezi 10, wako wa miezi 14 akawa bado anasimama dede, hakuna aliyeshindwa. Wapo hata wachache wasiotambaa kabisa.

Mtandikie mkeka, mlaze kifudifudi akiwa macho, ukae naye. Kigari cha magurudumu sikishauri: hakimfundishi kutembea, na ngazi za baraza ziko karibu.

Hatua ya 4: Masikio, macho na kidole

Hapa ndipo naomba utulie. Mtoto akichelewa kutembea, mtaa mzima unauliza. Akiwa hasikii, anaweza kufika miaka miwili watu wakisema "wa kiume huchelewa kusema". Usikae na neno hilo.

Karibu na miezi 2, akutabasamie ukimsemesha. Miezi 9, ageuke akiitwa jina lake. Miezi 18, akuonyeshe kitu kwa kidole, paka au ndege, ili na wewe ukione. Miaka 2, aunganishe maneno mawili: "taka maji", "mama njoo".

Kupima usikivu, mtu mmoja amchezeshe mbele, wewe kaa nyuma asikuone, utikise taratibu kopo lenye punje za mchele. Usibamize mlango, kwani hata asiyesikia huhisi mtikisiko. Rudia siku nyingine, kila upande. Jaribio hili si kipimo cha hospitali: ukiwa na shaka, omba apimwe. Aliyepata manjano makali uchangani, au homa ya uti wa mgongo, apimwe masikio hata kama anaonekana mzima.

Hatua ya 5: Yasiyongoja

Nenda kituo cha afya ukiona:

- amepoteza alichokuwa akikiweza, kwa umri wowote
- miezi 4 shingo haijakaza
- miezi 9 hakai
- miezi 18 hatembei, au haonyeshi kwa kidole
- miaka 2 haunganishi maneno mawili
- mwili mkakamavu au mlegevu kupita kiasi
- anatumia mkono mmoja tu kabla ya mwaka

Kisomo na dua vinakwenda pamoja na hospitali. Msomeeni, na siku hiyo hiyo mleteni.

Hatua ya 6: Ukifika

Chukua daftari, kadi, na video fupi ya simu inayoonyesha kinachokutia wasiwasi. Mjitolea wa afya wa shehia akipita nyumbani, naye mwonyeshe. Sema wazi: "Mwanangu anakaa, anacheza, lakini tangu mwezi uliopita hageuki akiitwa." Ukiambiwa usubiri, uliza usubiri mpaka lini na uangalie nini, kisha andika tarehe hiyo daftarini mbele ya aliyekwambia. Ikifika hujaona mabadiliko, rudi uombe rufaa.